Nilisugua Miaka Sabini kwa Saa Mbili

Mpini wa flashi ya kamera ya zamani ulipofika ulikuwa umeviringishwa magazeti na utepe mwingi kuliko ulivyostahili, na nilipoufungua nikauona mchafu. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mengine yote yalizaliwa humo. Mifereji yake ilikuwa imejaa weusi. Pale kidole gumba kinapokaa, utando mweupe wa juu ulikuwa umelika na shaba ya njano ikachungulia. Shingoni palikuwa na pete ya mikwaruzo, na kitakoni kutu ya kijani ilitambaa kama ukungu ukutani. Nikatafuta kitambaa na dawa ya kung'arishia vyuma, nikaketi. Baada ya saa mbili mpini ulikuwa unang'aa kama kijiko kipya. Nikaupiga picha. Nikajipongeza, peke yangu, kwa sauti.

Ilinichukua miezi minane kuurudisha karibu na pale ulipokuwa asubuhi ile.

Kwa asiye mpenzi wa mambo haya, nieleze kidogo. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 kuna upanga wa nuru ambao kijana Luke anakabidhiwa kama urithi wa baba yake. Wengi hudhani mpini wa upanga huo ulichorwa na wabunifu kisha ukachongwa karakana. Haukuchongwa. Roger Christian, mmoja wa waliopamba seti, alikuwa na bajeti finyu na orodha ndefu ya vitu vya kutengeneza. Katika pitapita zake akaingia duka la vifaa vya picha jijini London, akakuta boksi la mipini ya zamani ya flashi. Akairudisha kazini, akabandika vipande vya mpira mweusi kwa supaglu, akachomeka ukanda wa plastiki uliotoka kwenye kikokotoo, kisha akamwita George Lucas, mwongozaji wa filamu, aje atazame. Basi. Silaha inayotambulika hata na watu wasioijua filamu yenyewe ilitokana na gundi na boksi la vitu vilivyosahauliwa. Yeye na wenzake watatu baadaye walipewa tuzo ya Oscar kwa jinsi filamu ile ilivyopambwa.

Mpini wenyewe ulikuwa na maisha kabla ya hapo. Uliundwa na Graflex, kampuni ya Rochester, New York, ambayo kamera yake ya Speed Graphic ilianza kuuzwa mwaka 1912 na kuendelea hadi kampuni ilipofungwa mwaka 1973. Kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa kamera ya waandishi wa habari wa Marekani. Ile picha ya Joe Rosenthal ya wanajeshi wakiinua bendera kwenye kisiwa cha Iwo Jima mwaka 1945 ilipigwa kwa Speed Graphic. Mpini wa flashi ulifungwa ubavuni mwa kamera, na ndani yake zilipangwa betri tatu kubwa, zile nene za tochi, jumla volti 4.5. Juu uliwekwa mwavuli wa bati linalong'aa na globu iliyowaka mara moja tu, ikaungua, ikachomolewa ingali ya moto na kutupwa. Mpiga picha wa gazeti alifanya hivyo mara kadhaa kwa usiku mmoja, kwenye mvua, kwenye misukosuko ya umati, akiwa na globu za akiba mfukoni.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku ile ya kitambaa. Nilikuwa nimeyasoma kwa miaka. Halikunijia wazo kwamba yalikuwa yameandikwa pia juu ya kile nilichoshika.

Baada ya kung'arisha nje nikataka kusafisha ndani. Kitako kiligoma kufunguka. Nilipokifanikisha, kwa mafuta ya kulainisha na subira ya siku mbili, nikakuta ndani kuna mabaki ya betri: unga mweupe, unga wa kijani, na ganda la karatasi lililoganda ukutani. Mtu aliweka betri humo mara ya mwisho, akaiacha, na maisha yakaendelea mahali pengine.

Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba betri ikivuja dawa yake ni siki. Ni kweli, lakini kwa betri za alkali, ambazo ndizo nyingi siku hizi. Siki huzima ule ualkali. Betri za wakati ule zilikuwa za zinki na kaboni. Zile huvuja maji ya chumvi yenye asidi, na asidi haizimwi kwa asidi nyingine, inatakiwa magadi. Mimi nikamimina siki, nikaziba mdomo wa mpini, nikaenda kulala. Asubuhi ndani palikuwa safi, ila shaba ya njano ilikuwa imegeuka waridi. Nikadhani ni mwanga wa taa. Nikautoa nje juani: waridi. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na asidi ikiachiwa muda huanza kuila zinki, ikaacha uso wenye rangi ya shaba nyekundu. Kwa bahati ilikuwa ni ngozi ya juu tu, na ni ndani, hakuna atakayeona. Lakini mimi najua ipo.

Sasa nilikuwa na mpini unaong'aa kupita kiasi nje na wenye haya ndani, na filamu niliyoipenda kwa sababu kila kitu ndani yake kinaonekana kimeshikwa na watu. Huo ndio uliokuwa uzuri wake ilipotoka. Vyombo vya angani vilikuwa na mafuta na michubuko, kwa sababu Christian na wenzake walinunua mabaki ya ndege na injini zake kwa bei ya chuma chakavu, wakayapachika kila mahali. Mpini wa upanga wa mzee Obi-Wan, mwalimu wa Luke, katika filamu hiyohiyo ni mkusanyiko wa vitu ambavyo huwezi kuvidhania pamoja: bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, ganda la guruneti la Kiingereza la Vita Kuu ya Kwanza, kifaa cha mdomo wa bunduki ya Browning, na kitakoni kishikio cha bomba la maji cha Armitage Shanks. Cha bomba la maji! Na ukitazama filamu unaamini kwamba huyu mzee amekaa na silaha hiyo jangwani miaka mingi.

Kwa hiyo nikaamua kuuzeesha mpini wangu. Nikachukua rangi nyeusi ya akriliki, nikaizimua kwa maji, nikaupaka wote, nikausubiri ukauke kidogo, nikaufuta. Nikarudia. Nikarudia tena, kwa sababu kila mara ulionekana haujatosha. Kisha nikachukua msasa nikauchubua hapa na pale. Matokeo nikayapeleka kwa fundi mmoja wa kerezo ninayemheshimu, mtu mzima, ambaye angenisaidia baadaye na kipande kingine. Akaugeuza mkononi mara mbili.

"Kimeungua hiki?"

"Hapana, mzee. Nimekizeesha."

"Umekizeesha au umekipaka masizi?"

Sikujibu. Akaweka nyundo yake juu ya meza. Akasema anayo tangu alipoanza kazi, nimwonyeshe ilipochafuka. Nikaitazama. Mpini wa mti wa nyundo ile ulikuwa umelainika na kung'aa kama umepigwa vanishi pale anapoushika, na ulikuwa mweusi juu, karibu na kichwa, ambako hakuna anayegusa. Kichwa chenyewe kilikuwa cheupe usoni panapogonga, na kahawia ubavuni.

"Mkono unasafisha, kijana wangu," akasema. "Uchafu unakaa pale mkono usipofika."

Nilikuwa nimefanya kinyume kabisa. Nilipaka weusi mwingi pale mkono unaposhika, kwa sababu kichwani mwangu kushikwa ni kuchafuliwa, na kwenye pembe za ndani, ambako kitambaa kilifuta rangi kwa urahisi, palibaki pasafi. Nilirudi nyumbani nikautoa weusi wote kwa maji ya sabuni na mswaki. Akriliki ina wema huo: kwenye chuma kitupu kisichopigwa rangi ya msingi haishiki sana.

Kwa wiki mbili sikugusa mpini. Nilikuwa natazama vitu tu. Ukimwambia mtu unatazama kitasa cha mlango kama kazi atakuhurumia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Funguo huchubuka mabegani, ambapo hugongana zenyewe, si kwenye meno. Kufuli hubaki na rangi chini ya kingo na kumalizika juu ya kingo. Bomba la zamani la maji lina mstari mweupe wa chokaa pale tone linaponing'inia, na limelika upande mmoja tu, upande wa mkono wa kulia. Kila alama ilikuwa na mwenyewe. Hakukuwa na hata moja iliyopo kwa sababu ya kupendeza. Nikaanza kuona pia kwamba zinakuja kwa kasi tofauti. Hewa inafanya kazi polepole na sawasawa, kila mahali. Mkono unafanya kazi polepole lakini palepale. Kugongwa ni kwa ghafla, na mara nyingi huwa ni pembeni au kwenye ncha, kwa sababu kitu kikianguka huanza kutua kwa ncha. Mimi nilikuwa nimetumia kasi moja kwa yote.

Hapo likazuka swali ambalo sikulitegemea: alama za nani? Mpini huu una wasifu mbili. Wa kwanza ni wa mpiga picha wa magazeti: pete ya mikwaruzo shingoni, pale kamba ya chuma ilipoukaza kwenye kamera na kulegezwa mara elfu, utando ulioliwa kando ya kitufe chekundu. Wa pili ni wa kwenye hadithi: mpini ulioning'inia kiunoni mwa mpiganaji, kisha ukakaa sandukuni miaka mingi. Alama hizo mbili haziko mahali pamoja. Cha kiunoni kitaumia chini, kwenye pete ya kutundikia, na upande mmoja unaopiga paja. Nilijaribu kwanza kuchanganya, nikaona inakuwa kama mtu anayesimulia safari mbili kwa pumzi moja. Mwishoni nikaamua kwamba mwili wa mpini utabeba maisha ya kamera, kwa kuwa ndiyo uliyoishi kweli, na vitu nilivyoongeza mimi vitabeba maisha ya kiunoni.

Vitu hivyo vilikuwa vinne. Kamba ya chuma kwanza, kwa sababu mpini wangu ulikuja bila yake. Hilo ni jambo la kawaida. Kamba hubaki kwenye kamera. Na hapa niseme neno moja kuhusu wakusanya kamera, ambao hutukasirikia sisi wapenda filamu. Wana haki. Speed Graphic nyingi sasa hazina mipini yake kwa sababu mpini peke yake umekuwa na thamani kubwa, na mwenye kuuza anajua. Baada ya kuutia wangu msasa sikuwa na mdomo wa kubishana nao. Nikajiwekea sharti kwamba kuanzia hapo lolote nitakaloongeza juu ya kitu cha zamani liweze kuondolewa na mtu mwingine bila kuacha kovu. Kutoboa ni mwiko. Pete ya kutundikia, ambayo huhitaji ribiti, niliifunga kwenye kitako kipya cha nakala, na kile cha asili nikakiweka kwenye kopo na jina lake.

Kamba nikaikunja mwenyewe kutoka bamba la shaba ya njano la milimita moja, nikiligonga kuzunguka bomba lenye unene wa mpini. Nikaichovya nikeli nyumbani. Si kazi ngumu: siki, chumvi kidogo, vipande viwili vya nikeli halisi, na umeme wa volti chache. Kwanza unayeyusha nikeli ndani ya siki mpaka iwe kijani, kisha unatundika shaba kwenye upande hasi. Vaa glovu, kwa sababu chumvi za nikeli ni sumu na huwasha ngozi, na usithubutu kutumia chuma kisichoshika kutu badala ya nikeli kwa kudhani vyote ni vyeupe. Kile kina kromi, na umeme unaweza kukitoa katika hali yake ya hatari sana. Utando ukatoka mzuri, wa kijivu chenye joto kidogo, karibu sana na ule wa zamani. Nikausugua kingoni hadi shaba ikachungulia. Kilichobaki ni kuifanya shaba hiyo iliyochungulia iwe kahawia, kwa kuwa shaba mpya ina unjano wa kitoto unaoonekana toka mbali.

Njia inayosifiwa ni mvuke wa amonia. Unaweka amonia kidogo chini ya ndoo yenye kifuniko, unatundika kipande juu yake bila kugusana, unafunga, unaacha hewa ifanye kazi. Fanyia nje, na kamwe pasiwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo karibu, maana vikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu. Mimi nilifanyia nje, nikafunga kifuniko vizuri, nikafuata yote. Ila nilitaka kamba isipoteze umbo lake, kwa hiyo niliikaza kwenye bomba, skrubu ikabana kabisa, nikaitundika hivyo. Siku mbili. Ilitoka na kahawia nzuri sana, yenye bluu kidogo pembeni. Nikailegeza, nikaivalisha mpini, nikaikaza, ikalia tik. Ufa mdogo, mwembamba kama unywele, ulipita pale bamba lilipokunjwa.

Nilimrudia mzee wa kerezo kwa aibu, na ndipo nikajifunza kwamba wengine walilipia somo hili kabla yangu. Jeshi la Kiingereza huko India liliwahi kuhifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua za masika, na maganda ya risasi yakawa yanapasuka yenyewe. Sababu ilikuwa ni amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi. Shaba ya njano iliyokunjwa au kuvutwa hubaki na mkazo ndani yake, hata kama kwa macho imetulia, na amonia hupenya kwenye mipaka ya chembechembe zake na kuipasua. Maganda ya risasi huvutwa kwa nguvu kiwandani, kwa hiyo yamejaa mkazo. Kamba yangu ilikuwa imekunjwa kwa nyundo, na juu ya hapo nikaikaza kwa skrubu, kana kwamba nilitaka kuhakikisha.

Dawa ni kuituliza shaba kwanza kwa joto, nyuzi 250 hivi kwa muda wa saa moja, iache mkazo bila kulainika sana. Kamba ya pili niliituliza, nikaichovya, nikaitundika ikiwa wazi bila kubanwa popote, na kwa saa chache badala ya siku. Haijapasuka hadi leo. Ile ya kwanza ninayo mezani, natunzia kalamu.

Vipande vya mpira vilikuwa rahisi, na ndiyo maana vilinitia kiburi. Ni mpira mweusi wenye umbo la herufi T, unaotumika kwenye reli za milango ya kabati. Nikavikata saba, nikavipima kwa vernia, kifaa cha kupimia vipande vidogo, nikachora mistari ili kila pengo lilingane na jingine hadi sehemu ya kumi ya milimita. Nikavibandika kwa supaglu nikiwa nimefunga madirisha, vumbi lisiingie. Asubuhi mpira wote ulikuwa na ukungu mweupe. Supaglu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo usipopata pa kwenda hutua palepale ukaganda kama unga. Tone moja la mafuta kwenye kitambaa liliuondoa mwingi. Lakini nilipokaa kutazama picha za karibu za mpini wa filamu, nikaona kitu kilichonifanya nicheke: vipande vyao havijanyooka. Kimoja kinapanda, kingine kinashuka, mapengo hayafanani. Mtu alikuwa na haraka. Kulikuwa na filamu ya kutengeneza. Mimi nilikuwa nimeiga kila kitu isipokuwa haraka, na nakala yangu ilionekana kama imetengenezwa na mtu anayeogopa. Nikavibandua viwili nikavirudisha kwa jicho tu.

Kikokotoo kilinipa mtihani wa aina nyingine. Ule ukanda wa plastiki kwenye kamba umetoka kwenye kikokotoo cha Texas Instruments kiitwacho Exactra. Miaka ya 1970 namba nyekundu za vikokotoo zilikuwa ndogo mno, kwa hiyo waliweka juu ya kila namba kidude cha plastiki kilichovimba kama tone la maji, kizikuze. Ndicho hicho. Nilipata Exactra moja, nikaiwekea umeme ili tu kujiridhisha kwamba imekufa, ikawaka. Sifuri nyekundu, angavu, tulivu. Nikaiandikia saba mara nane, ikanijibu hamsini na sita. Baada ya hapo kuivunja haikuwezekana. Ukanda ulio kwenye mpini wangu ni wa kumwagwa kwa rezini, na yeyote anayetaka kuniambia si halisi aje kwanza azungumze na kile kikokotoo.

Zamu ya kuuzeesha tena ikafika, safari hii bila papara. Kwenye mifereji na chini ya kingo za kamba nilitia rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia, kwa sababu weusi mtupu hauonekani popote kwenye uchafu wa kweli. Uchafu ni vumbi, mafuta na ngozi ya watu. Nikafuta kwa mwelekeo ambao mkono ungefuta, yaani kwa kuzungusha, si kwa kushuka. Kidole gumba nikakipa nafasi yake kando ya kitufe. Niliishia kabla sijaridhika, kwa kuwa nilikumbuka mara tatu za mwanzo nilivyosema haujatosha.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Nikauvaa. Mwezi mzima, nikiwa nyumbani, mpini ule ulining'inia kiunoni mwangu kwa pete yake: nikifagia, nikirekebisha mlango, nikitafuta funguo. Ulipiga kona za meza. Ulianguka mara mbili, zote mbili kwa kitako. Usiku niliutia kwenye mfuko wa zana pamoja na tupa na bisibisi. Watu wa nyumbani waliacha kuuliza baada ya siku ya tatu. Pete ilianza kuchora nusu duara kwenye kitako, mkwaruzo mwembamba unaopinda, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria na nisingeweza kulibuni kwa msasa. Upande mmoja wa mpira ukapata mng'ao. Nilipoulinganisha na kazi yangu ya mkono, kazi yangu ilionekana imesemwa kwa sauti kubwa mno; nikapunguza sehemu kadhaa.

Kilichobaki ni mwili wenyewe, ile sehemu ya mpiga picha. Nilijua pete ya mikwaruzo ilikuwa shingoni, lakini sikukumbuka upana wake wala ilianzia wapi. Nikafungua zile picha ambazo muuzaji alinitumia kabla sijanunua. Zilikuwa nne, za mwanga hafifu. Nikazikuza moja moja na kuanza kunakili: hapa mikwaruzo mitatu mirefu, hapa doa, hapa utando umekatika kama ramani ya kisiwa.

Kwenye picha ya nne, chini kidogo ya pale kamba ingekaa, kulikuwa na mistari niliyodhani ni mikwaruzo mingine. Nikaikuza zaidi. Zilikuwa herufi mbili zimechongwa kwa ncha ya kitu chembamba, labda sindano, kwa mkono wa mtu aliyejitahidi zinyooke. Yawezekana mpini ulikuwa ukichanganyikana na ya wenzake kwenye chumba cha habari, akauwekea alama usipotee.

Nikauchukua mpini, nikauinamisha chini ya taa nikizitafuta herufi kila pembe. Hakuna kitu. Laini kabisa. Chuma pale ni chembamba kidogo kuliko kando yake. Kidole kinahisi, jicho haliioni.

Nilikuwa na sindano mezani, na picha iliyo wazi ya kuigia. Mikwaruzo ya shingo niliirudisha yote kadiri nilivyoweza, na doa, na kile kisiwa. Pale palipokuwa na herufi nilipaacha kama nilivyopafanya.